Jitu la Miraba Minne: Mwili Wenye Misuli Unavyochongwa kwa Kompyuta

Kiswahili kikitaka kumsifu mtu mwenye mwili, hakihesabu misuli yake. Husema huyu ni pande la mtu, huyu ana miraba minne, huyu akisimama mlangoni mlango umeziba. Sifa zote hizo zinataja uzito, upana na nafasi ambayo mwili unaishika. Hakuna inayotaja tumbo lililogawanyika vipande sita. Huwa nalikumbuka jambo hilo kila ninapoona kazi ya mtu anayeanza kuchonga jitu lenye nguvu kwenye kompyuta, maana wengi wetu tulianzia upande wa pili. Tulianza na misuli. Tuliipanga mmoja mmoja, tukachimba mifereji katikati yake, tukaongeza mishipa ya damu, na mwisho wa yote jitu likasimama pale likiwa na kila kitu isipokuwa nguvu.

Sanamu yangu ya kwanza ya aina hiyo ilinichukua wiki nzima kifuani na tumboni tu. Kila mfereji ulikuwa mahali pake, sawasawa na picha za anatomia nilizozifuata. Siku niliyoigeuza rangi ikawa nyeusi tupu ili nione umbo lake la nje, niliona gunia: mabega yameteremka, kiuno kinene sawa na kifua, miguu miwili imenyooka kama nguzo. Kazi ya wiki nzima ilikuwa imezama ndani ya weusi ule. Ninachotaka kueleza hapa ni kwa nini hilo hutokea, na ni mambo gani yanayofanya mwili wa kimtindo, yaani ule usioiga mwili halisi bali unaoukuza na kuurahisisha, uonekane kweli unaweza kuinua kitu kizito.

Udongo wa namba

Tuanze na chombo chenyewe, kwa sababu jina la uchongaji linaweza kupotosha. Humo ndani hamna udongo wala patasi. Kilichopo ni ganda tupu, wavu wa vipande vidogo bapa vinavyoitwa poligoni. Kila poligoni ina pembe zake, na kila pembe ina namba tatu zinazosema iko wapi: upana, kimo na kina. Unapopitisha kalamu juu ya tableti, programu inazisogeza pembe mia au elfu kwa mkupuo mmoja, kwa kiasi kinachotegemea jinsi ulivyokandamiza. ZBrush, iliyoonyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1999, ndiyo iliyowazoesha wasanii kufanya kazi hivi. Blender, ambayo ni ya bure na msimbo wake uko wazi tangu 2002, ilipata zana za uchongaji katika toleo la 2.43 mwaka 2007. Leo hata simu na tableti za mkononi zina programu za kuchonga zinazoweza kubeba kazi nzito.

Sasa hesabu kidogo, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Tuseme wavu wako una poligoni 10,000 za pembe nne. Ukiugawanya mara moja, kila poligoni inazaa nne, na jumla inafika 40,000. Mara ya pili 160,000. Mara ya tatu 640,000, ya nne 2,560,000, na ya tano umeshapita milioni kumi. Namba hizi ndizo zinazoamua kama bega lako litakuwa bega. Ukiwa na poligoni chache, huwezi kuchonga mshipa hata ukitaka. Unachoweza ni kupanua kifua, kubana kiuno, kuteremsha nyonga, na hayo ndiyo unayotakiwa kufanya mwanzoni. Ukiwa na milioni kumi, kusogeza bega zima ni sawa na kuvuta shuka lenye mikunjo elfu. Bega linasogea, lakini uso wake unabaki na mawimbi, unaanza kuyalainisha, na kila unapolainisha unafuta ulichokwisha kuchonga. Mtu anaweza kuzunguka hapo siku tatu akidhani hana kipaji, kumbe amepandisha wavu mapema mno.

Kuna tatizo la pili. Ukivuta mkono kutoka ubavuni mwa tufe, poligoni zinazoufunika mkono huo ni zilezile zilizokuwa zimefunika kipande kidogo cha ubavu. Sasa zimenyooshwa zikawa ndefu na nyembamba, na brashi, yaani zana ya kuchongea iliyo kwenye kalamu, haishiki vizuri juu yake. Dawa yake ni kuusuka wavu upya: programu inalichukua umbo kama lilivyo na kulivika poligoni mpya zenye ukubwa unaolingana. ZBrush ilipata uwezo huo mwaka 2011 kwa jina la DynaMesh. Blender ilipata wa kwake mwaka 2019, unaotumia vokseli, yaani visanduku vidogo vya ujazo. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa kuliko yanavyoonekana. Kabla yake ilibidi uingie kazini na wavu wa msingi uliopangwa vizuri. Sasa unaweza kuanza na tufe, ukachomoa kichwa, ukaongeza mikono, ukasuka upya, ukaendelea kama anayefinyanga. Angalizo moja tu: sehemu mbili zinazogusana huunganishwa. Vidole viwili vikigusana kabla ya kusuka, utavikuta vimekuwa kimoja.

Kuhusu brashi sitasema mengi. Wanaoanza hukusanya mamia, na wanaojua kazi hutumia tano: ya kuvuta umbo kubwa, ambayo kwenye Blender inaitwa Grab na kwenye ZBrush inaitwa Move, ya kuongeza tabaka kama la udongo, ya kuchimba mstari mwembamba, ya kubapaza, na ya kulainisha, ambayo katika programu zote mbili unaiita kwa kushikilia Shift. Kwa ushauri wangu, nusu ya kwanza ya kazi yote ifanywe kwa ile ya kuvuta.

Mayai mawili na sanduku

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206 na misuli inayozidi 600. Mchongaji anaanza na vitu vitatu tu: yai la kichwa, yai la mbavu, na sanduku la nyonga. Kabla ya jambo jingine lolote, vitu hivi viwe na ukubwa unaotakiwa na mwinamo unaotakiwa.

Mwinamo ndio unaosahaulika. Mtazame mtu aliyesimama kwa ubavuni. Yai la mbavu halikusimama wima. Limelala kidogo kwa nyuma, kifua kikitazama juu kidogo. Sanduku la nyonga nalo limeinamia mbele, ndiyo maana mgongo unaingia ndani kiunoni na makalio yanatoka nje. Shingo haichomozi juu kama kizibo cha chupa. Inatoka kati ya mabega ikielekea mbele, na kichwa kinakaa mbele ya kidari. Ukiupanga mwili wima, kichwa juu ya kifua juu ya nyonga kwa mstari mmoja, umepata kabati. Hata ukilijaza misuli namna gani, litabaki kabati. Lakini ukiweka mawimbi hayo mapema, wakati wavu una poligoni elfu chache tu, hata donge lisilo na msuli mmoja linaanza kuonekana kama mtu anayebeba uzito wake mwenyewe.

Baada ya mwinamo ndipo vinakuja vipimo. Wasanii hupima mwili kwa urefu wa kichwa. Mtu wa kawaida ana takriban vichwa saba na nusu. Wachoraji wa mashujaa huenda mpaka vinane, vinane na nusu, hata tisa. Ukikipunguza kichwa, mwili unakua bila wewe kuuongeza chochote, kwa sababu jicho la mtazamaji linajua ukubwa wa kichwa cha binadamu na linatumia kichwa hicho kama rula.

Hila hiyo ni ya kale sana. Katika jumba la makumbusho ya akiolojia la Napoli, Italia, imesimama sanamu ya marumaru ya Hercules, shujaa wa hadithi za kale za Wagiriki, yenye kimo cha mita 3.17. Imetiwa saini na Glykon wa Athene, aliyeichonga mwanzoni mwa karne ya 3 baada ya Kristo kwa kufuata sanamu ya shaba inayohusishwa na Lysippos, mchongaji wa karne ya 4 kabla ya Kristo. Iligunduliwa Roma katika karne ya 16, kwenye magofu ya bafu za Caracalla. Kichwa cha Hercules huyo ni kidogo kwa mwili ule, na misuli yake imetuna kupita mwili wowote ulio hai. Huo ni mtindo, miaka mingi kabla ya kompyuta. Yeyote anayetaka kuchonga jitu kwa kalamu ya kidijitali atapata faida kubwa akikaa na picha za sanamu hiyo kuliko akikaa na picha za watunisha misuli, kwa sababu Glykon ameshamfanyia kazi ya kuchagua.

Upande wa pili kuna majitu mafupi, ya vichwa vitatu au vinne, yanayopendwa kwenye michezo ya kompyuta na vinyago vidogo. Hapa kichwa ni kikubwa, kwa hiyo rula imevunjika na nguvu lazima itafutwe kwingine: kwenye viganja, kwenye vigasha, yaani mikono kuanzia kiwiko hadi kifundo, kwenye shingo iliyo pana kama kichwa chenyewe. Miguu inaweza kuwa mifupi kabisa na jitu lisipoteze heshima, mradi nyayo ziwe pana.

Kipimo cha kujua kama hatua hii imefaulu ni kile nilichokisimulia mwanzo. Geuza umbo liwe jeusi tupu, ondoa mwanga wote, kisha lipunguze kwenye skrini mpaka liwe na ukubwa wa kidole gumba. Kama bado unamwona mtu mwenye nguvu, endelea. Kama humwoni, misuli haitamleta.

Msuli ni kamba

Sasa tuingie kwenye misuli yenyewe. Ukiiacha ile ya usoni, karibu misuli yote tunayoiona juu ya mwili ina tabia moja: inaanza kwenye mfupa mmoja, inavuka kiungo, inashika mfupa mwingine, na kazi yake ni kujivuta. Haisukumi kamwe. Kwa hiyo kila msuli una swali lake la kwanza: umefungwa wapi na wapi? Mchongaji asiyelijua jibu hilo anapachika madonge juu ya mwili. Anayelijua anaweza kuukuza msuli mara tatu ya asili na mtazamaji akaukubali, kwa sababu kamba bado imefungwa pale pale.

Chukua bega, mahali ambapo sanamu nyingi huharibika. Msuli unaolivika bega kama kofia una mashina matatu: mbele umeshika sehemu ya nje ya mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega, juu umeshika ncha ya bega, na nyuma umeshika ukingo unaokatiza kombe, ule mfupa bapa wa nyuma ya bega. Nyuzi zote hizo zinashuka na kukutana mahali pamoja, upande wa nje wa mfupa wa mkono, karibu nusu ya safari kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Umbo lake basi ni kama tone la maji lililogeuzwa, pana juu na lenye ncha chini, na ile ncha inaingia katikati ya msuli wa mbele wa mkono na ule wa nyuma kama kabari. Anayeanza huweka tufe begani. Tufe halina ncha, kwa hiyo mkono unaonekana umechomekwa kama wa mwanasesere.

Kifua nacho kinataka kutazamwa kwa karibu. Msuli wake mkubwa unaanzia kwenye nusu ya ndani ya mtulinga, ukateremka kwenye kidari na kwenye magegedu ya mbavu, halafu wote unakusanyika na kupita chini ya msuli wa bega kwenda kushika mfupa wa mkono. Pale unapokusanyika kuna jambo la kupendeza: unajisokota. Nyuzi zilizotoka chini, kwenye mbavu, zinapita nyuma ya zile zilizotoka kwenye mtulinga na kushika mfupa sehemu ya juu zaidi. Shika utepe mpana kwa mikono miwili, ugeuze upande mmoja nusu mzunguko, utaona kitu kilekile. Msokoto huo ndio unaoufanya ukingo wa mbele wa kwapa uwe mnene na wa mviringo. Na mtu akiinua mkono juu ya kichwa, msokoto unafunguka, kifua kinakuwa bapa na kirefu. Kwa maana hiyo, vifua vile vinavyochongwa kama sahani mbili zilizobandikwa, visivyobadilika hata mikono ikiwa angani, si mtindo. Ni kamba iliyokatika.

Nyuma ya kwapa kuna ukuta wa pili, unaotokana na ule msuli mpana wa mgongo unaoanzia chini kiunoni na kupanda mpaka kwenye mfupa huohuo wa mkono. Kwapa ni shimo kati ya kuta hizo mbili. Ukilichonga kwa mfereji mmoja tu, mkono na kiwiliwili vinakuwa vimegusana badala ya kuungana. Mimi hulichonga kwapa mapema, na mikono ikiwa imeinuliwa kidogo ili niweze kuingia.

Hapo ndipo linapokuja swali la mkao wa kuchongea. Wengi hunyoosha mikono pembeni sawa na mabega, kwa kuwa ni rahisi kufikia kila sehemu. Shida ni kwamba mkono hauinuki peke yake. Katika nyuzi 180 za kuuinua mkono mpaka juu kabisa, takriban 120 zinatoka kwenye kiungo cha bega na 60 zinatokana na kombe kuzunguka juu ya mbavu. Mkono ukiwa umenyooshwa pembeni, kombe limeshaanza kuzunguka na mtulinga umepanda. Ukichonga hapo, kisha mhuishaji, yaani anayeifanya sanamu isogee, akaishusha mikono, mabega yanabaki yamekunjamana. Mikono iliyoteremshwa kwa nyuzi kama 45 hupunguza tabu hiyo sana.

Kwenye kigasha kuna fumbo jingine. Kina mifupa miwili. Mmoja, ule unaotoa ncha ya kiwiko, hautoki mahali pake. Wa pili, ulio upande wa kidole gumba, unauvuka wa kwanza kila kiganja kinapotazama chini au nyuma. Ushike mkono wako wa kushoto karibu na kiwiko kwa mkono wa kulia, halafu geuza kiganja juu na chini: utausikia mfupa ukizunguka. Kwa sababu hiyo kigasha hakina umbo moja. Kiganja kikitazama juu, kigasha ni kipana kwa ubavu na bapa. Kikigeuka chini, nyama ya juu inajisokota na ile sehemu pana inapishana na kifundo. Mkono wa juu wenyewe ni kinyume chake: una kina kikubwa kutoka mbele kwenda nyuma kuliko upana wake. Ukivitazama pamoja, mkono ni kama pete za mnyororo, kila moja imegeuzwa kukatiza mwenzake. Sanamu ambayo mkono wake wote ni bomba la mviringo haiwezi kuonekana na nguvu, hata bomba liwe nene kiasi gani.

Kuna msuli mmoja ninaoupenda hapo. Unaanza juu ya kiwiko, upande wa nje, karibu na theluthi ya chini ya mfupa wa mkono, ukapita mbele ya kiwiko na kwenda kushika mfupa wa upande wa kidole gumba karibu na kifundo. Ndio unaounganisha mkono wa juu na kigasha kwa mstari mmoja wa mshazari. Ukiukuza huo peke yake na kuacha misuli mingine ya kigasha ikiwa kundi moja tulivu, tayari umepata mkono wa mhunzi.

Kuchagua cha kuacha

Jean-Antoine Houdon, mchongaji wa Ufaransa, alitengeneza mwaka 1767 sanamu ya mtu aliyechunwa ngozi, kila msuli ukiwa wazi, na nakala zake za plasta zikasambaa katika shule za sanaa. Ni mwalimu mzuri sana. Hatari ni kwamba mwanafunzi anaweza kubaki hapo, akachonga majitu yasiyo na ngozi, yenye mifereji yenye kina sawa kila mahali. Mwili hai una ngozi, una mafuta, na una misuli inayofanya kazi ikiwa pamoja na ile iliyolegea.

Hilo la mwisho lina uzito mkubwa. Misuli inafanya kazi kwa kupokezana. Ukikunja kiwiko, tafu la mkono linajivuta na kuwa fupi na nene, na msuli wa nyuma ya mkono unalazimika kulegea na kunyooka. Ukinyoosha kwa nguvu, mambo yanageuka. Jitu ambalo kila msuli wake umetunishwa kwa wakati mmoja haliwezi kusogea. Ni kama kamba zote za hema zimekazwa pande zote. Kwa hiyo katika kila kiungo chagua upande unaovuta, uupe mviringo, na upande wa pili uuache karibu mstari ulionyooka. Uzuri ni kwamba kanuni hii ya mwili inakubaliana na kanuni ya macho. Wachoraji wa katuni wanajua kwamba umbo lenye mstari ulionyooka upande mmoja na uliopinda upande wa pili lina nguvu kuliko lililopinda pande zote mbili kwa usawa. Umbo la pili hilo ni puto.

Miguu inalionyesha jambo hili vizuri kuliko sehemu nyingine yoyote. Juu ya goti, msuli wa ndani wa paja unashuka chini zaidi kuliko ule wa nje. Kwenye shavu la mguu, nyama ya ndani nayo inafika chini kuliko ya nje. Halafu kwenye kifundo mambo yanapinduka: nundu ya ndani iko juu, ya nje iko chini. Unganisha jozi hizo kwa mistari na utaona mishazari inayobadilika njiani, inayoupa mguu mwendo hata ukiwa umesimama. Anayeipanga kwa ulinganifu, ndani sawa na nje, anapata zile nguzo nilizozichonga mimi.

Kwa nini basi tunaona mwili wa misuli una mabonde pale tulipotarajia mifupa? Kwa sababu mfupa haunenepi. Kwa mtu mwembamba uti wa mgongo unatokeza kama ukingo. Kwa jitu misuli ya pande zote mbili imepanda juu yake, na uti umekuwa mfereji. Vivyo hivyo kidari kinakuwa bonde kati ya vifua. Lakini mtulinga, pia ya goti, muundi na ncha za mbele za nyonga hubaki karibu na ngozi, vigumu na vyenye kona. Viache vigumu. Jicho likigusa mfupa, linaamini ulaini na unene wa nyama iliyo kando yake. Sanamu isiyo na mfupa wowote unaoonekana ni mto uliojazwa pamba.

Baada ya hapo ndipo suala la daraja za ukubwa linaingia: umbo kubwa, la kati, dogo. Kiwiliwili kizima ni umbo kubwa. Kifua, bega na tumbo ni ya kati. Mstari kati ya shina moja la msuli na jingine ni dogo. Umbo dogo lisilitoboe lile kubwa. Kama ubavu unageukia kivulini, misuli midogo iliyo pale igeuke nao, isisimame nje kama misumari. Na ni lazima pawe na sehemu za kupumzikia. Mgongo mpana ukiwa mtulivu, bega lililo juu yake linaonekana limekazwa. Tumbo lenye mistari mitatu tu ya kukatiza, iliyochimbwa kwa kina tofauti, linasomeka haraka kuliko lile lililochimbwa kila pembe. Mimi huchonga kwanza ninavyojua, halafu narudi na brashi ya kubapaza, nikiunganisha misuli mitatu kuwa bapa moja, nikiuliza kama kuna kilichopotea. Mara nyingi hakuna.

Jambo dogo la kiufundi, lakini limeharibu kazi nyingi: angalia lenzi ya kamera ndani ya programu. Ukichonga bila mwonekano wa umbali kabisa, kisha ukapiga picha kwa lenzi pana, kifua kinavimba na miguu inakauka. Amua mapema sanamu itatazamwaje, na uchonge ukiwa kwenye mtazamo huo.

Inakokwenda sanamu

Kazi ya baadaye inategemea matumizi. Kama jitu litatembea kwenye mchezo au filamu, wavu wa mamilioni haufai. Unasukwa mwingine mwepesi juu yake kwa mkono, ukiwa na mizunguko ya poligoni inayofuata mabega, viwiko na magoti ili yakikunjwa yasivunjike, na mikwaruzo yote midogo inahamishiwa kwenye picha inayoudanganya mwanga. Kama litachapwa kwa printa ya 3D, hesabu ni nyingine. Mtu wa sentimita 180 kwa kipimo cha 1:6 anakuwa sentimita 30. Mfereji wa milimita moja mwilini unakuwa chini ya milimita 0.2 kwenye kinyago, na rangi ikishapakwa umefukiwa. Kwa hiyo kwa uchapaji kina kinaongezwa makusudi, vitu vyembamba vinanenepeshwa, na hakikisha ganda halina tundu, maana printa inahitaji kujua ndani ni wapi na nje ni wapi.

Kabla ya yote hayo kuna kuuvunja ulinganifu. Kompyuta hukuwezesha kuchonga upande mmoja na kunakili upande wa pili, na ni msaada mkubwa kwa saa nyingi za mwanzo. Ila mtu akisimama huegemea. Uzito ukienda mguu mmoja, nyonga ya upande huo inapanda, bega la upande huo linashuka, ubavu unabanwa upande mmoja na kufunguka upande wa pili. Misuli lazima ichongwe tena kidogo baada ya hapo, kwa sababu kamba zimelegea na kukazwa upya. Wengi wanauruka mzunguko huu wa pili wa uchongaji. Matokeo yake ni mwili uliochongwa katika mkao mmoja na kulazimishwa kukaa mwingine.

Hercules wa Napoli ameegemea rungu lake lililofunikwa ngozi ya simba, kichwa kimeinama. Ukisimama mbele yake unaona mtu aliyechoka na huelewi ni kwa nini. Sharti uzunguke mpaka nyuma, ndipo unakuta mkono wa kulia umekunjwa mgongoni, na kiganjani mna matufaha aliyotumwa kuyatafuta. Mchongaji alikuwa na hakika kwamba watu watazunguka. Kwenye skrini mzunguko huo ni msogeo mdogo wa kalamu, na bado tunaonyesha majitu yaliyochongwa mbele tu, migongo yao ikiwa bado udongo mbichi. Siku hizi ninapoanza sanamu mpya ninageuza umbo kabla sijaongeza chochote, naanza na makombe mawili, uti, kiuno na makalio, na kifua nakigusa siku inayofuata.